Mpira mweupe haurudi kwa kuvuta fimbo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kosa ninaloliona kila wiki kwenye meza za pool mtaani kwetu, nalo ni imani kwamba mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo ili ugonge mingine, hurudi nyuma kwa sababu mchezaji ameivuta fimbo haraka baada ya kupiga.

Ncha ya fimbo hugusana na mpira kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Mkono unapoanza kurudi, mpira umekwisha kuondoka. Kinachourudisha ni kuzunguka kinyumenyume, kunakotokana na kuupiga chini ya katikati, fimbo ikiwa imelala karibu sambamba na meza. Mzunguko huo nao hufifia njiani kwa kusuguana na kitambaa. Ndiyo maana pigo lilelile linalourudisha mpira mweupe pale mpira unaolengwa ulipo karibu, litausimamisha tu ukiwa mbali kiasi, na ukiwa mbali zaidi mweupe utaendelea mbele. Hili si jambo geni, kwani Coriolis, mwanahisabati Mfaransa, aliandika kitabu kizima cha hesabu za biliadi mwaka 1835.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alibakiwa na mpira mweusi mdomoni mwa shimo, mweupe ukiwa umeelekeana nao. Alilenga chini, sawasawa kabisa, lakini kwa hofu ya kuutumbukiza mweupe, ambalo ni kosa, akaushtua mkono. Mkono wa nyuma ukashuka, ncha ikapanda, na mweupe ukaufuata mweusi shimoni. Watazamaji wakamkaripia kwamba hakuivuta fimbo, ilhali ni kule kujiandaa kuivuta kulikomponza. Mkono unaokusudia kusimama huanza kupunguza mwendo kabla ya kugusa. Fimbo ikiachwa ipite mbele kwa utulivu, haiusukumi mpira zaidi, bali mchezaji huwa ameugusa pale alipokusudia na kwa kasi aliyoikusudia.

Ninaomba ukurasa wako wa michezo, ambao huandika matokeo ya mashindano ya pool, utenge walau safu moja ya ufundi. Ianze na zoezi ninalowapa vijana wangu: mpira mmoja umbali wa futi moja, pigo la taratibu, na mweupe usimame palepale ulipogongana na mwenzake, mara kumi mfululizo, kabla mtu hajaruhusiwa kujaribu kuurudisha.

Mchezaji wa siku nyingi,
Morogoro