Dodoso la saratani na bibi ambaye hakuulizwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu madodoso ya kupima mahitaji ya watu waliomaliza matibabu ya saratani, kwani mengi ya yale niliyoyaona wodini yalitungwa ng'ambo na kuvalishwa Kiswahili tu.

Liko dodoso la Australia lenye maswali 34, linalomuuliza mgonjwa ni kwa kiwango gani, katika mwezi uliopita, alihitaji msaada katika mambo ya mwili, ya moyo, ya taarifa, ya huduma na ya unyumba. Ni chombo kizuri, wala sikidharau. Linaloteleza ni neno lile lile lililokibeba, yaani "hitaji". Mwulize bibi wa Lushoto kama ana haja yoyote, huenda akadhani unataka kumwelekeza chooni. Mwulize mahitaji yake, atakutajia unga, sukari na sabuni, naye atakuwa amejibu sawasawa kwa Kiswahili chake.

Watafiti hujikinga kwa tafsiri rejea: mmoja hutafsiri maswali kwa Kiswahili, mwingine asiyeyaona ya awali huyarudisha katika Kiingereza, kisha matoleo hulinganishwa. Njia hiyo hunasa makosa ya mtafsiri, na iendelee kutumika. Lakini "mahitaji" yatarudi salama salimini kila mara, kwa sababu anayeyarudisha amesoma shule zilezile na aliyeyapeleka. Ndiyo sababu mwongozo wa mtafiti Dorcas Beaton na wenzake wa mwaka 2000, kuhusu kutafsiri madodoso, unataka toleo lijaribiwe kwa watu 30 hadi 40, na kila mmoja aulizwe alielewa nini. Kwa niliyoyashuhudia, hatua hii ndiyo inayofupishwa fedha zinapopungua.

Kuna na adabu yetu. Mtu akiulizwa hali huanza na "nzuri" au "namshukuru Mungu", hata akiwa na msiba nyumbani, na habari yenyewe huja baada ya "ila". Dodoso la kutia alama visandukuni hukomea kwenye "nzuri".

Maswali ya unyumba yanahitaji uangalifu zaidi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mionzi inayoitibu huweza kuufanya uke ukauke na kusinyaa, kwa hiyo swali haliepukiki. Hata hivyo, likiulizwa na kijana wa kiume wa rika la mwanawe, ambaye punde tu amemwamkia shikamoo, mama atajibu kwamba hakuna shida, na ripoti itaandika kuwa hitaji halipo. Hapo kosa si la tafsiri hata kidogo. Ni la kumtuma asiyestahili kuuliza. Nauli ya kutoka Kigoma kurudi kliniki Dar es Salaam, pamoja na mahali pa kulala akifika, ni jambo ambalo wagonjwa hulianza wenyewe kabla hujafungua karatasi, nalo sikulikuta katika dodoso lolote nililopewa kujaza.

Naziomba kamati za maadili ya utafiti, zinapopokea tafsiri rejea, zidai pia maelezo ya namna wagonjwa wenyewe walivyolielewa kila swali. Na mhojaji asiifunge karatasi kabla hajaisikia ile "ila".

Muuguzi mstaafu,
Tanga