Kabla fundi hajaanza kuchomelea

Morogoro, Jumapili jioni

Ndugu yangu Athumani,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua imekatika na vumbi limerudi kazini kwake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, dakika saba nzima, nusu yake ni jogoo wako. Nilichoelewa ni kwamba umempata fundi wa kuchomelea hapo Tabora, chuma anacho, bei yake nafuu, na amekwambia mashine ya zege ni "pipa tu linalozunguka". Bei sibishi. Ila hilo neno "tu" ndilo lililonikalisha chini niandike, maana ningekupigia, vocha ingekata kabla sijafika katikati.

Unaikumbuka mashine yangu ya kwanza, ile ya kijani? Hukuwahi kuiona ikifanya kazi, na ni bahati yako. Niliitengenezesha kwenye gereji moja hapa mjini: pipa la upana wa sentimita 90, mota, mkanda, na puli ambayo nadhani iliokotwa tu. Siku ya kwanza tulikuwa tunamwaga jamvi la chumba na sebule. Tukatia kokoto, mchanga, simenti, maji. Ikaanza kuzunguka kwa mbwembwe mpaka watoto wa jirani wakapiga makofi. Baada ya dakika tatu nikachungulia ndani. Katikati peupe! Naona mpaka kitako cha pipa. Zege lote limejibandika ukutani, linazunguka pamoja na pipa kama abiria aliyesinzia kwenye basi. Tulipozima, likaporomoka kwa kishindo kimoja: kokoto upande wake, simenti imefanya madonge, maji yanachuruzika peke yake. Siku ile tulirudi kwenye machepe, na mwenye nyumba alinikata hela.

Jioni nikachora mstari wa chaki kwenye pipa, nikalizungusha tupu huku nimeshika saa. Mizunguko 61 kwa dakika. Baadaye ndipo nikajua kwamba pipa la upana ule likifika 45 hivi, kilichomo ndani kinashikiliwa ukutani na hakianguki tena. Kwa pipa la mita 1 kamili ni 42. Pipa likiwa jembamba namba inapanda kidogo, likiwa pana inashuka. Mashine iliyotengenezwa vizuri inazunguka chini kabisa ya hapo, 15 au 20 kwa dakika, maana pipa halikorogi kama mwiko. Linachonyanyua ndani yake kinapanda mpaka kinashindwa kujishikilia, kinaanguka juu ya wenzake, kinapandishwa tena. Kuanguka ndiko kunakochanganya. Nilibadilisha puli tu, mashine ikawa na adabu.

Tangu hapo nikashikwa na hamu ya kujua watu wa kwanza walilifikiaje jambo hili. Unanijua, nikishaanza silali. Nimepekua michoro na matangazo ya zamani mengi, na nilichokikuta sicho nilichotegemea. Nilidhani watakuwa walihangaika namna ya kuchanganya. Kumbe kuchanganya walikuweza mapema, kwa njia nyingi. Kilichowatoa jasho ni kulitoa zege ndani ya mashine.

Simenti hii tunayoiita Portland ilichukuliwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1824, na Joseph Aspdin, fundi matofali wa Leeds kule Uingereza. Kwa miongo mingi baada ya hapo zege lilikuwa kazi ya chepe, kama wanavyofanya vijana wetu mpaka leo: jukwaa la mbao, mchanga na simenti vinageuzwa vikavu, kokoto zinafuata, maji, vinageuzwa tena. Kwa msingi wa nyumba hiyo inatosha. Lakini mwisho wa karne ya 19 watu walianza kujenga mabwawa, gati na viwanda vizima kwa zege. Chukua malango ya Gatun, yale ya kupandishia na kushushia meli kwenye mfereji wa Panama, ambako zege la kwanza lilimwagwa Agosti 1909. Mchanga ulikuja kwa majahazi kutoka Nombre de Dios, kokoto kutoka Porto Bello, na mpaka kazi inaisha walikuwa wamemwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 1. Hakuna idadi ya saidia fundi ingeliweza lile.

Kati ya maumbo yote ya zamani, mimi napenda sanduku. Wazia boksi la chuma, pande zote sawa, halafu ulishike kwa pembe mbili zinazotazamana na ulizungushe. Ndani hamna kitu, hamna hata panga moja, yaani vile vibati vya kuchotea zege. Lakini kwa kuwa limeshikwa kwa pembe, kila ukuta unapopita chini umeinama kwa upande wake tofauti na uliotangulia, basi mzigo unakunjwa, unageuzwa, unakunjwa tena, kama unga wa maandazi mkononi mwa mama. Na faida yake wewe utaielewa kuliko wengi: zege halina pa kujificha. Yule kijana wangu anayeingia na nyundo ndani ya pipa kila Jumamosi kubandua zege lililogandia nyuma ya mapanga, kwenye sanduku angekosa kazi.

Sasa limwage. Hapo ndipo sanduku lilipokwama. Unasimamisha mashine, unahakikisha mlango umeelekea chini, unafungua, unangoja, unafunga, unaanza upya. Injini ya mvuke imewaka, kuni au makaa yanaungua, watu 20 wamesimama na matoroli wanatazamana. Baadaye walilirekebisha, wakalitia kwenye fremu ya kuinama ili limwage bila kusimama, lakini kufikia hapo wengine walikuwa wameshapita njia nyingine.

Walikuwepo waliosema injini ya nini. Wakasimamisha kasha refu la chuma, ndani wamepachika vyuma na vibao vya mshazari. Unatia vitu juu kutoka kwenye jukwaa, vinashuka kwa uzito wake vikigonga huku na huku, na chini linatoka zege. Ujanja mtupu, na kumwaga si tatizo kabisa, linajimwaga lenyewe. Tatizo ni kwamba lazima kila kitu ukipandishe juu kwanza, na ikishashuka mara moja imeshuka, huwezi kusema "bado kidogo".

Wengine wakatengeneza mfereji wa chuma wenye mhimili katikati na makasia ya kusukuma. Unatia vitu upande huu kwa chepe bila kukoma, zege linatoka upande ule bila kukoma. Ukiiona unaipenda. Ila fikiria: anayetia simenti akisimama kufuta jasho, toroli linalofuata ni mchanga na kokoto zilizolowa. Hakuna atakayejua mpaka ukuta upasuke. Ndiyo maana wahandisi walizidi kudai mashine za mkupuo, yaani upime, utie, uchanganye, umwage wote, ndipo uanze mwingine. Hata sisi tunapohesabu "mfuko mmoja, ndoo kadhaa" tunafuata ule ule uamuzi.

Ukishakubali mkupuo, swali la kumwaga linarudi likiwa limekasirika, kwa sababu sasa unamwaga mara mia kwa siku. Majibu mawili ndiyo yaliyotawala, na yote yametoka Marekani.

La kwanza lilibeba jina la Ernest Ransome, Mwingereza wa Ipswich aliyehamia San Francisco. Huyu ndiye aliyechukua hataza ya nondo zilizosokotwa mwaka 1884, na daraja lake dogo la Alvord Lake, la 1889, bado limesimama kwenye bustani ya Golden Gate. Pipa la mtindo wake limelala sawasawa na haliinami kamwe. Lina midomo miwili: mmoja wa kutilia, wa pili wa kutolea. Ndani kuna mapanga yaliyopinda kama viganja, yanachota zege na kulipandisha. Ukitaka kumwaga huligusi pipa, unaingiza mchirizi wa bati nene kupitia mdomo wa pili, nusu yake ndani. Zege lililokuwa linaanguka juu ya mwenzake sasa linaangukia kwenye mchirizi na kuteremkia nje. Ukiutoa mchirizi, linaendelea kuchanganyika. Nilipoelewa mchoro ule nilicheka peke yangu usiku, mama Zuhura akauliza kuna nini. Kile kile kinachochanganya ndicho kinachomwaga! Ila linatoka taratibu, na zege zito linang'ang'ania ndani.

La pili ni la T. L. Smith wa Milwaukee, mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alichukua koni mbili akaziunganisha kwa upande mpana, kama sufuria mbili zilizofunikana midomo, kila moja imetobolewa kitako. Meno ya gia yakazunguka kiunoni. Kuta zenyewe zimeinama, kwa hiyo mzigo unateleza muda wote kuelekea katikati, mapanga yanasaidia tu. Na kumwaga ni kuliinamisha pipa zima huku linaendelea kuzunguka: linatoka lote, kwa sekunde, kavu au bichi. Gharama yake ni kwamba unahitaji fremu imara ya kubeba uzito wote ule ukiwa umeegemea upande mmoja. Mashine unayoiona kwenye saiti yoyote leo, ile ya usukani ubavuni, ni mjukuu wa wazo hilo la kuinama.

Walitembea nazo vilevile. Richard Bodlaender wa Breslau, Ujerumani ya wakati ule, mwaka 1904 alipewa hataza ya gari la kuvutwa na farasi ambalo magurudumu yakizunguka ndiyo yanachanganya. Na Columbus, Ohio, Mwarmenia mmoja aitwaye Stephen Stepanian aliomba hataza ya lori lenye pipa mwaka 1916, akakataliwa mwaka uliofuata, eti lori haliwezi kubeba uzito wa mashine ile. Nikiyaona yale malori yakipanda mlima Kitonga huku pipa linazunguka taratibu, namkumbuka.

Kuna kitu kimoja ambacho mashine iliharibu, na nakuomba ukizingatie kuliko mengine. Walipofaulu kulitoa zege kwenye pipa, walitaka liende mbali zaidi lenyewe. Wakasimamisha minara mirefu na michirizi ya kuliteremshia mpaka kwenye fomu, zile mbao za kulishikilia mpaka ligande. Sasa zege zito haliteremki. Dawa? Maji. Likawa linateremka kama uji, kila mtu amefurahi, na majengo yakawa dhaifu. Mwaka 1918 Duff Abrams, akifanya kazi Chicago, akaonyesha kwa vipimo vingi kwamba nguvu ya zege inakwenda na uwiano wa maji na simenti: ukizidisha maji kwa simenti ile ile, umeitupa simenti yako. Nimelitazama hili kwenye saiti zangu mwenyewe. Pipa likiwa baya la kumwaga, kijana hatakwambia pipa baya. Atachukua ndoo, akitazama pembeni, aongeze maji.

Basi sasa kwa fundi wako. Nimeitazama picha uliyotuma. Ni pipa la mafuta la lita 200, la duara lililonyooka, na mdomo ni upana wake wote. Upana wake ni kama sentimita 57, kwa hiyo zege litabandika ukutani likifika mizunguko 56, na wewe usizidi 25. Mwambie apunguze mdomo kwa kuchomelea koni mbele, la sivyo zege litatapika kila ukilinyanyua. Mapanga mawili au matatu, yakae mshazari, wala yasiwe yamesimama wima kama kuta za vyumba. Hayo ya wima yananyanyua tu, ila ya mshazari yanasukuma zege nyuma linapochanganyika. Pembe kati ya panga na ukuta aijaze kwa kuchomelea mkanda mwembamba, zege lisipate kona ya kulala. Na muhimu zaidi, lijaribuni kuinama likiwa na mzigo kabla hujamlipa hela iliyobaki. Mkupuo mzito, wa maji kidogo. Likitoka lote bila kijana kuingiza chepe ndani, mpe hela yake na soda juu.

Kingine ni sauti. Simama kando, fumba macho. Mwanzo kokoto zinagonga chuma, kachakacha kavu. Baada ya dakika moja na nusu hivi mgongano unafifia, unasikia mapigo mazito, laini, ya kufanana. Hapo limeiva. Likirudia kugonga, kuna kilichobaki pembeni.

Nitumie picha ya ndani, upige saa saba mchana jua likiingia mdomoni mwa pipa, niione namna mapanga yalivyokaa. Mama Zuhura anakusalimu na anauliza ile asali. Msalimie shemeji na watoto, na huyo jogoo.

Wako,
Idi