Kuhusu safari yako ya miswada

Sahibu yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia msimamizi wako ameikubali mada ya vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu. Sasa lile swali lako: kuna haja gani ya kufunga safari hadi maktaba ya miswada, yaani vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, ilhali picha zimejaa kwenye intaneti?

Picha zitumie, tena sana. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kupitia mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na aliye mbali anaweza kuisoma bila kuvuka bahari. Lakini Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia maktaba hiyo, huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Karatasi nayo ina maadui zake, usidhani. Ya Timbuktu, Mali, ya 2013 unayajua: wapiganaji waliichoma moto baadhi ya miswada.

Mimi kinachonivuta niende mwenyewe ni yale yasiyo matini. Inua ukurasa kwenye mwanga: huenda ukaona hilali tatu ndani ya karatasi, alama ya viwanda vya Italia vilivyouza karatasi nchi za Waislamu. Picha ya kawaida haikuonyeshi hilo, na ndilo linalokusaidia kukadiria umri wa kitabu ambacho mnakili hakuandika mwaka. Tazama maandishi ya wakfu, kwamba kitabu hakiuzwi wala hakirithiwi. Chini ya ukurasa kuna neno limekaa peke yake kwa mshazari. Ndilo linaloanza ukurasa unaofuata, ili kurasa zikifumuka zipangike tena. Ukibahatika utakuta "Ya Kabikaj", maneno ya kuwafukuza wadudu. Nakala moja niliyoishika, mdudu alianzia hapohapo kwenye maneno hayo!

Nenda na penseli. Kalamu ya wino wataizuia mlangoni. Glavu usinunue, maktaba nyingi siku hizi zinataka mikono safi iliyokauka, maana kidole kilichovishwa kitambaa hakihisi karatasi ikianza kuchanika.

Na waandikie mapema ukitaja namba ya kila muswada katika orodha yao. Ukisema tu unataka sharhi, yaani ufafanuzi, ya Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imam Nawawi, watakuuliza ipi, kwani ziko tele. Nitumie hizo namba kwanza, nikuangalizie zipi tayari zina picha, usije ukapoteza siku kwa kitabu ambacho ungekisoma kitandani.

Wasalaam,
Zuhura