Nichoree mkungu ule, Chande

Nottingham, Jumapili usiku

Ndugu yangu Chande,

Assalaam aleikum. Mimi huku ni mzima, nakuombea na wewe na wote wa nyumbani muwe hivyo. Mama yako mpe shikamoo yangu, mwambie baridi imeanza kurudi na lile sweta alilonipa bado nalivaa. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani. Nisamehe kwa hilo, tutaliongea siku nyingine, maana leo nina jambo linalonikera na sitalala kabla sijaliandika.

Juzi dada yangu Stella alinipigia. Kwa pumzi moja akanipa habari mbili. Ya kwanza, amepata fremu pale kwenye kona, chini ya mti wetu wa mkungu, na anafungua mgahawa mwezi ujao. Nikashangilia. Ya pili, bango ameshaagiza la plastiki, la kuchapwa kwa mashine, lenye picha ya kuku wa intaneti, "kwa sababu Chande siku hizi hachori tena." Hachori tena? Nilimwambia arudie. Akarudia.

Chande, nisikilize kwanza. Unajua kazi yangu, napeleka mapipa ya bia kwenye pabu, zile baa zao za zamani. Tunafika asubuhi na mapema, tunafunua mlango uliolazwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, tunatega mbao mbili, pipa linateleza hadi stoo ya chini ya ardhi na kuangukia juu ya gunia lililoshonwa kama mto. Nikimaliza kuteremsha, huwa nangoja risiti isainiwe. Katika kungoja huko ndiko nilikoanza kutazama juu. Karibu kila pabu ina ubao unaoning'inia mlangoni, na juu ya ubao pana picha. Simba mwekundu. Taji. Jembe. Funguo mbili zilizopishana, za Mtakatifu Petro. Paa dume mweupe mwenye mnyororo wa dhahabu. Nilikuwa nadhani ni mapambo tu, mpaka mzee mmoja wa stoo akaniambia kwamba ilikuwa sheria.

Mwaka 1393 mfalme wa Uingereza, Richard wa Pili, aliamuru kila anayepika pombe ya kuuza atundike alama nje, la sivyo anyang'anywe pombe yake. Palikuwa na waonjaji rasmi waliopita nyumba kwa nyumba kupima kama pombe ni nzuri na bei ni halali, na walihitaji kujua pa kuingia. Wengi hawakujua kusoma, ndiyo maana ikawa picha. Yule paa mweupe alikuwa nembo ya Richard mwenyewe, na pabu zenye jina lake, White Hart, zipo hadi leo nchi nzima. Kabla ya hapo, wapikaji wengi walikuwa wanawake, majumbani mwao. Pombe ikiiva, mama anachomeka mti nje na kufunga kichaka cha majani kwenye ncha. Majani yakionekana, majirani wanakuja. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka bibi yangu wa Moshi na pombe yake ya mbege, na jinsi watu walivyojua siku ya kuja bila kutumiwa neno.

Lakini nilitaka kukueleza habari ya mti, kwa sababu ya mkungu.

Kuna jina utalikuta kila wilaya, Royal Oak, yaani mwaloni wa mfalme. Septemba 1651 mfalme kijana, Charles wa Pili, alishindwa vita pale Worcester akakimbia. Baba yake walikuwa wameshamkata kichwa. Alifika Boscobel, Shropshire, akapanda mwaloni yeye na ofisa wake mmoja, wakakaa humo mchana kutwa huku askari wa Cromwell, jemadari aliyemshinda, wakipekua msituni. Inasimuliwa kwamba mfalme alichoka hadi akasinzia, kichwa chake kikiwa juu ya mkono wa yule ofisa. Baadaye alivuka bahari. Akarudi mwaka 1660 na kuingia London Mei 29, siku aliyotimiza miaka 30, na watu wakaanza kuchora mwaloni kwenye milango ya pabu. Zaidi ya miaka 360 imepita, Chande, na wanachora bado. Mwaka jana nilimkuta fundi kwenye ngazi akiupaka upya ubao wa Royal Oak kijijini fulani. Alikuwa na fimbo ileile yako! Ile ya kuegemezea mkono, imefungwa kitambaa kwenye ncha ili isikwaruze rangi. Alikuwa anamalizia jani moja, kijani juu ya kijani, kisha uzi mwembamba wa njano pembeni ili lionekane limepigwa na jua. Katikati ya majani palikuwa na uso mdogo wa mtu, ukiwa na haraka huuoni. Nilisimama hadi utingo wangu akapiga honi. Nilikuwa nakuona wewe, umekaa kwenye kopo la rangi mbele ya duka la Mzee Shamte, unaandika herufi S bila kupiga mstari.

Sasa unaelewa kwa nini neno la Stella limenichoma.

Na jina lenyewe! Anataka kuuita "Stella Classic Food Point". Nimemwambia hapana. Watu wa mtaa wanaita pale Mkunguni tangu hatujazaliwa, na jina la watu halishindwi. Hapo Himley, upande wa Staffordshire, palikuwa na nyumba ya mwaka 1765 iliyokuja kuwa pabu. Ubao wake uliandikwa jina la ukoo wa wenye ardhi, Glynne Arms. Machimbo ya makaa ya mawe yaliyopita chini yakaifanya ididimie upande mmoja, kuta zikaenda upogo, na wateja walikuwa wakiweka gololi mezani na kuiona kama inapanda mlima. Nani angeita tena Glynne Arms? Watu wakasema Crooked House, nyumba iliyopinda, na jina hilo ndilo lililobaki mlangoni. Agosti 2023 iliungua usiku, na siku mbili baadaye ikabomolewa. Halmashauri iliamuru ijengwe upya vilevile ilivyokuwa. Vilevile, pamoja na upogo wake.

Si kwamba kila jina ni la kutunzwa. Hili nikuandikie polepole. Ashbourne, si mbali na hapa, kuna boriti ya zamani iliyovuka barabara kutoka nyumba hadi nyumba, ni bango la hoteli iliyoitwa Green Man and Black's Head. Juu yake palikaa kichwa cha mtu mweusi kilichochongwa kwa mbao, na walikipaka rangi tangu enzi na enzi. Juni 2020 kikashushwa, baada ya mabishano makali. Mwaka uliofuata kampuni ya Greene King ikatangaza kubadilisha majina ya pabu zake nne, tatu zikiitwa Black Boy, yaani mvulana mweusi, na moja Black's Head, kichwa cha mweusi. Mwanzilishi wake, aliyeianza mwaka 1799, alimiliki watumwa kwenye mashamba ya miwa huko Karibiani. Wako waliolalamika kwamba historia inafutwa. Mimi nimepita chini ya ile boriti na lori langu, mahali pa kichwa pakiwa patupu, na nikapumua. Picha ina nguvu, ndugu yangu. Mtoto anapita chini yake kila siku akienda shule, na hakuna anayemweleza chochote.

Elephant and Castle, yaani tembo na ngome, jina la pabu na mtaa wa London, nalo nilikuwa nimelielewa vibaya. Niliaminishwa kwamba ni jina la binti mfalme wa Hispania lililopotoshwa midomoni, nikawasimulia wengi. Kumbe tembo mwenye ngome mgongoni ni nembo ya chama cha mafundi visu, waliotumia pembe za ndovu kwa mipini. Ni nembo ya karne ya 17, imetangulia misafara ya pembe iliyoshukia Pangani kwa muda mrefu. Babu yako angelisimulia hili vizuri kuliko mimi.

Turudi kwenye mkungu. Ninachokuomba ni hiki: ubao mmoja tu, pande mbili, wa kuning'inia. Stella ana kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha marehemu mama yetu. Chora mkungu wetu ule majani yake yanapogeuka mekundu kabla ya kudondoka, na kungu zimetapakaa chini. Andika MKUNGUNI, kwa zile herufi zako nene zenye kivuli. Na kama utaweza, katikati ya majani weka nyuso mbili ndogo za watoto, mtu asizione haraka. Unakumbuka siku tuliyovunja kioo cha Mwalimu Mhina tukakaa juu hadi magharibi, ukaniambia nisikohoe? Mkono wangu ulikufa ganzi, nawe ulikuwa umeulalia.

Ni kweli umeacha? Ni mashine za kuchapa zimekumalizia wateja, au ni yale macho uliyoniambia mwaka juzi? Ulikwenda hospitali? Brashi zako umeziweka wapi, au umeziuza? Yule kijana uliyekuwa unamfundisha yuko na nani sasa? Bei ya rangi ya mafuta imefika ngapi huko? Na mbona hukuniambia wewe mwenyewe, hadi nisikie kwa dada yangu?

Nijibu upesi. Stella amelipia bango nusu tu, nusu iliyobaki nimemwambia asubiri neno lako. Hela ya rangi na minyororo ya kutundikia naituma kesho kwa simu, kwenye namba ya mama yako.

Wako,
Benedikti