Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Methotreksati si dawa ya saratani peke yake

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote nakuandikia, maana subira imeniishia. Wiki hii dirisha la dawa limenijibu tena: methotreksati, dawa yangu ya baridi yabisi, hakuna, chukua diklofenaki ya maumivu na prednisoloni ya kutuliza uvimbe, urudi mwezi ujao. Wewe mwenyewe uliahidi hadharani kuwa dawa za magonjwa sugu hazitakosekana katika hospitali za umma. Nilikuamini.

Nina baridi yabisi ya rumatoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Asubuhi vidole havikunji, hata kufunga kifungo cha shati naomba msaada.

Pengine washauri wako wanadhani dawa hizi zinabadilishana. Hazibadilishani, Mheshimiwa. Seli ya kinga ikitulia hupata nguvu zake taratibu, kwa oksijeni. Ikichokozwa, umetaboli wake, yaani namna inavyogeuza chakula kuwa nguvu, hubadilika: inakula sukari kwa pupa hata oksijeni ikiwapo, ipate nguvu upesi na malighafi ya kuzaliana. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, zikichokozwa na sumu ya bakteria hulimbikiza suksineti, kemikali ya umetaboli, na suksineti hiyo huchochea kutengenezwa kwa interlukini-1 beta, mojawapo ya kemikali zinazowasha uvimbe. Kumbe kile seli inachokula na namna inavyokichoma ndicho kinachoiamuru ipigane au itulie.

Methotreksati inaingilia hapo hapo. Kwa dozi ndogo ya mara moja kwa wiki huvuruga namna seli inavyotumia foleti, aina ya vitamini B, kemikali iitwayo adenosini ikaongezeka, na adenosini hupoza seli za kinga. Leflunomidi, dawa nyingine ya baridi yabisi, nayo huzinyima seli T, aina ya seli za kinga, malighafi ya kutengenezea DNA, zisizaliane ovyo. Diklofenaki inanipunguzia maumivu tu. Mfupa unaendelea kuliwa. Prednisoloni hutuliza haraka, sikatai, lakini ukiimeza muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Mnanipa dawa ya kudhoofisha mifupa mahali pa dawa ya kuilinda!

Nahisi tatizo linaanzia kwenye makaratasi. Methotreksati inajulikana zaidi kama dawa ya saratani, basi huenda anayeagiza anahesabu wagonjwa wa saratani na kutusahau sisi. Kama si hivyo, tuelezwe ni nini. Dawa hii si ngeni wala si ya anasa: Marekani iliidhinisha itumike kwa baridi yabisi mwaka 1988, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tena kukosekana kwake kunaua kwa njia nyingine. Watu wanaazimana vidonge bila maelezo, na dawa ya mara moja kwa wiki ikimezwa kila siku inaweza kumuua mtu. Inahitaji asidi ya foliki pembeni, na vipimo vya damu na ini. Hayo hayafanyiki kwa kuazimana.

Sikuombi dawa mpya za sindano za bei kubwa. Naomba methotreksati, Mheshimiwa. Iwepo kila mwezi, pamoja na asidi ya foliki na vipimo vyake. Kiungo kikishaharibika hakirudi, hata dawa ikija mwezi ujao. Naomba methotreksati.

Wako mtiifu,
Mgonjwa wa baridi yabisi