Jengeni kwa kadiri ya Chamazi

Mbagala, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, na mama anakusalimu sana. Barua yako nimeipata, na habari ya kamati yenu ya uwanja imenifurahisha mno. Ila hapo uliposema wenzako wanataka majukwaa ya watu 30,000, nimeona nikujibu haraka kabla hamjapitisha ramani.

Msifanye hivyo, ndugu yangu. Jengeni kwa kadiri ya Chamazi.

Uwanja wa Azam Complex, huu wa klabu ya Azam hapa Chamazi, wewe unauona kwenye televisheni tu. Unaingiza watu 10,000, basi. Uwanja wa Mkapa unachukua 60,000, na siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, unapendeza kweli. Lakini peleka pale mechi ya kawaida ya ligi, mashabiki wanatawanyika hadi ngoma haisikiki. Chamazi wakija watu elfu nne, mgeni anatoka jasho. Juzi nilikaa karibu kabisa na mstari, nikawa namsikia kipa akiwapanga mabeki: "Panda! Panda juu!" Beki wa kulia akamjibu kwa mkono tu, kakasirika. Watoto waliokuwa mbele yangu wakadakia, kila mpira ukiokolewa nao wanapiga kelele, "Panda!" Mpira wa namna hiyo mtoto hausahau.

Wala usidhani udogo unawanyima mechi kubwa. Zamani Azam ikiwakaribisha Simba au Yanga ilibidi iende Taifa, yaani huo huo Mkapa wa sasa. Tangu 2017 vigogo nao wakaanza kuja Chamazi. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya vijana chini ya miaka 17, mwaka 2019, ilichezwa Taifa na hapa. Halafu 2023, Yanga iliitoa Al Merrikh ya Sudan pale pale, na Simba ikasonga mbele kwa sare ya 1-1 na Power Dynamos ya Zambia. Wote wawili wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kupitia uwanja wa pembeni ya mji.

Lakini mimi ninaupendea siku ambazo hakuna mechi. Ndani ya eneo lile kuna hosteli, gym na viwanja vya mazoezi, na vijana wa akademi wanakulia humo humo. Uwanja unaofunguliwa siku ya mechi tu ni hasara, hata uwe mzuri vipi. Kwa hiyo waulize wenzako: Jumatatu asubuhi nani atakuwa anautumia? Shule? Timu ya wasichana? Kama hawana jibu, wapunguze majukwaa waongeze kiwanja cha mazoezi.

Nyasi bandia zitawafaa wakati wa masika, maana mtacheza hata mvua ikinyesha kutwa. Ila jua la saa nane linazichemsha, miguu inaungua. Ndiyo maana nasema taa zitangulie kabla ya jukwaa la pili. Na vyoo vya kina mama viwe vya kutosha, hili nakusihi, maana wanaume kwenye kamati hulisahau.

Barabara pia. Huku mechi ya usiku ikiisha, daladala na bodaboda zinabanana njia moja ya kurudi Rangi Tatu, tunafika nyumbani usiku mkubwa.

Niandikie eneo lenu lina ukubwa gani, na kama maji yanatuama. Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, mwenzako wa Mbagala