Kikao cha kuandaa maombi ya kusoma PhD kimehamia Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Kikao chetu si Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 2:00 usiku, kwa simu ya video hapahapa kwenye kikundi. Wenzetu wawili wana zamu kazini Ijumaa, na hao ndio wanaosoma rasimu kwa makini kutuzidi sote, mimi nikiwemo.

Kabla ya hapo:

1. Tuma andiko lako la utafiti, kurasa 2 tu, mwisho Alhamisi saa 6:00 usiku. Swali la utafiti liwe aya ya kwanza. Rasimu za wiki jana zilianza na historia ndefu ya mada, swali nikalikuta chini kabisa ya ukurasa wa pili. Profesa mwenye shughuli nyingi hafiki huko.

2. Barua pepe kwa profesa unayetaka akusimamie: taja makala yake uliyoisoma kweli na inavyogusana na swali lako. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa 20 hujulikana tu.

3. Waombe wadhamini barua za mapendekezo sasa hivi, msisubiri wiki ya mwisho.

Mlioniuliza PhD huchukua muda gani: Uingereza kwa kawaida miaka 3 hadi 4; Marekani mara nyingi 5 au zaidi, maana masomo ya darasani hutangulia. Angalieni pia tarehe ya mwisho ya kuomba ufadhili, mara nyingi huwa mapema kuliko ya udahili.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya Jumatano jioni, nipange nani anasoma rasimu ya nani.